Anwani Iliyochomwa Chini ya Kiti

Siku Kimya alipomwona kwa mara ya kwanza, yule mwanamke alikuwa amelaza shavu juu ya meza mpya, macho kayafumba, kilemba chake kimejaa vumbi la mbao. Kimya alidhani anaumwa. Akasimama mlangoni mwa karakana, kisanduku cha patasi mkononi, akingoja atokee mtu mwingine amweleze shida yake. Hakutokea mtu. Mwanamke akalisogeza shavu taratibu kutoka upande huu wa meza mpaka upande ule, akasonya, akainuka.

“Kuna mkwaruzo hapa,” aliiambia meza. Kisha, bila hata kugeuka, “Na wewe umesimama kama nguzo. Ingia au toka, unanizibia mwanga.”

Kimya akaingia. Alikuja kutafuta kazi, na maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. Bahati yake, mwenye karakana hakuwa mtu wa maneno. Akamshika viganja, akavigeuza, akaviangalia kama mtu anayekagua mbao sokoni.

“Mikono imeshasema,” alisema. “Mdomo wa nini? Kaweke sanduku lako pale karibu na dada yangu. Lakini jihadhari, huyo anakwaruza.”

“Nakwaruza penye mabonde tu,” akajibu dada mtu. “Wewe mwenyewe usingekuwa na bonde kichwani ningekuacha.”

Mafundi wakacheka. Hivyo ndivyo Kimya alivyomjua Msasa. Jina hilo alipewa na kaka yake tangu utotoni, na kazi ya kusugua mbao ilikuja kulihalalisha baadaye. Kaka mtu wote walimwita Mkubwa. Yeye Kimya alipata jina lake kabla ya Jumamosi ya kwanza kufika, na hakuna aliyehangaika kumuuliza jina jingine.

Karakana ilikuwa ndefu na nyembamba, paa la bati. Mbao ziliingilia upande wa barabarani, zikapita kwenye msumeno, zikapita kwenye meza za kuunganishia, zikamfikia Msasa dirishani, halafu zikaenda nyuma ya pazia la nailoni kupakwa vanishi. Hakuna kiti kilichopita dirishani bila idhini yake. Kwanza alikisugua kwa msasa mgumu, kisha kwa ule mwororo, kisha akakigusa kwa shavu. “Mkono mwongo,” alimwambia Kimya. “Mkono umezoea shida, kila kitu unakiona laini. Shavu halidanganyi.”

Kando ya kila meza palikuwa na ndoo ndogo ya maji, na ndani yake tambara. Ukimaliza kusugua, unalikamua tambara vizuri, unaipangusa mbao, unaiacha ikauke. Bila hivyo vumbi la mbao nyekundu waliyoitumia, laini kama unga, hujificha kwenye nyuzi za mti, na hata upulize mpaka mapafu yatoke, haliondoki. Ukifuta kwa kitambaa kikavu, unalihamisha tu kutoka nyumba moja kwenda ya jirani. Jambo hili hakuna aliyefundishwa. Ilikuwa kama kunawa uso asubuhi. Nani anamfundisha mtu mzima kunawa uso?

Kiti kikishakauka, kiligeuzwa miguu juu na kuletwa kwa Kimya. Kazi hiyo alipewa yeye kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Kwenye jiko la gundi kulikaa chapa ya chuma yenye mpini mrefu, na Kimya aliichukua ikiwa imeiva, akaikandamiza chini ya kiti, moshi ukapanda, na ikabaki pale anwani ya tovuti ya karakana, nyeusi, ya kudumu. Huo ulikuwa ujanja wa Mkubwa. Mtu akikalia kiti ofisini kwa watu akakipenda, anakipindua, anasoma, anaingia kwenye simu yake, anaagiza. Viti vilikwenda shuleni, benki, mahakamani, kwenye vyumba vya kungojea daktari, na kila kimoja kilikuwa mpiga debe asiyelala.

Anwani yenyewe ilipatikana kwa mzaha. Fundi wa kompyuta alipokuja kuisajili, aliomba barua pepe ya mwenyewe.

“Barua pepe?” Mkubwa alisema. “Mimi hata za karatasi sijajibu tangu nioe.” Akamgeukia dada yake. “Wewe si unayo kwenye simu? Mpe yako, tusimcheleweshe mwenzetu.”

Msasa akaitaja, mikono yake ikiwa bado inasugua. Tangu hapo, kila mwaka ujumbe ulikuja kwenye simu yake kwamba anwani inakaribia kuisha muda, naye akailipia palepale, akarudi kwenye mbao zake. Hakumtangazia mtu. Wengine wote walidhani anwani ya tovuti ni kama bango la barabarani: ukishalipaka rangi, umemaliza, kazi iliyobaki ni ya mvua na jua.

Aliyedhani hivyo kuliko wote ni shemeji yao, kaka wa mke wa Mkubwa. Mafundi walimwita Bwana Kitambaa, kwa siri. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wateja, na kusema kweli aliiweza. Alikuwa na viatu vinavyong'aa hata kwenye maranda, na mfukoni kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mteja akija, alikitoa kitambaa kwa vidole viwili, akakipitisha juu ya kiti kilichokamilika, akakionyesha. Cheupe. “Mnaona wenyewe,” alisema, kama aliyekisugua yeye.

Mkubwa asipokuwepo, alifanya mchezo mwingine. Alikuja mpaka kwenye meza za kazi, akanyakua kiti ambacho hakijapanguswa, akapitisha kitambaa, kikatoka chekundu kama ulimi. “Kazi chafu!” Fundi akijaribu kusema, “Bosi, hiki bado...” alikatwa hapo hapo: “Bado nini? Nimekuuliza?” Kimya aliambiwa maneno hayo mara nyingi mpaka yakamwotesha sugu moyoni. Mbele ya wateja Bwana Kitambaa alimwita Gogo. “Huyu msimjali, huyu ni gogo letu, tunamngoja akauke tumchane mbao.” Wateja walicheka. Kimya aliinama akaikandamiza chapa yake, na siku hizo chapa ziliingia ndani zaidi.

Mara moja tu alijaribu kumwambia Msasa kwamba mtu yule hajui hata tambara ni la nini.

“Najua kwamba hajui,” Msasa alisema. “Analipita kila siku. Mtu asiyeuliza, hata mlango wake mwenyewe ataupapasa.”

*

Mkubwa alikufa kwa ugonjwa mfupi. Wifi mtu, mjane wake, akiwa na kilio chake, akampa kaka yake Bwana Kitambaa funguo zote, akajifungia ndani. Msasa aliporudi kazini baada ya mazishi alivaa kofia kuukuu ya kaka yake juu ya kilemba. Hakusalimu. Akaenda dirishani, akavuta kiti, akaanza kusugua, na mafundi wakampa nafasi, kila mmoja akijifanya ana shughuli nyingi.

Hapo ndipo Bwana Kitambaa alipoingia na wageni, watu wa hoteli fulani, suti tupu. Akaja moja kwa moja dirishani. Akakivuta kiti kutoka mikononi mwa Msasa, msasa wenyewe ukaanguka chini. Akapitisha kitambaa. Akakiinua juu ili kila mtu akione.

“Ngoja nikipanguse,” Msasa alisema, mkono wake uko tayari ndani ya ndoo.

“Hapa hatungoji,” Bwana Kitambaa alisema. “Mabwana, mtaniwia radhi. Karakana hii ilikuwa inaendeshwa kwa huruma za kindugu. Leo mwenye huruma hayupo. Shemeji, shukrani kwa huduma yako. Gogo! Mbebee vitu vyake mpaka getini.”

Vitu vyenyewe vilikuwa kikombe, mto wa kukalia na aproni. Kimya alivibeba. Miguu ilimwia mizito kama iliyofungwa mawe, na kila hatua alitafuta neno la kumwambia mwanamke yule, akakosa. Getini Msasa akavipokea.

“Hiyo chapa ya kaka,” aliuliza, “anaendelea kuitumia?”

“Anaendelea.”

“Vizuri. Mchomee. Mchomee vingi, usimbanie.”

Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu na yanawaka kama jiko la gundi, na Kimya alirudi ndani akihisi kwamba mtu fulani amekwisha kuhukumiwa, ila hukumu haijasomwa.

*

Msasa alipata kazi kwa mtengeneza milango, mitaa kadhaa kutoka pale, kwenye uwanja wenye vumbi la kila rangi. Kimya akawa anapitia huko akitoka kazini. Alisimama kwenye ukuta, akamsalimu, akaulizwa habari za mafundi, akajibu, akaaga. Basi. Mara nyingine alikuja na habari: Bwana Kitambaa ameagiza kila stuli ipigwe chapa mara mbili, juu na chini. Bwana Kitambaa amechora anwani kwenye magari. Amekwenda redioni, ameitaja. Msasa alizipokea habari hizi kama mgonjwa anayeletewa uji.

Siku moja alimwita karibu, akampa simu asome. Ujumbe ulisema: anwani yako inakaribia kuisha muda, bonyeza hapa kuilipia.

Kimya alisoma polepole. Alipofika mwisho alirudia. Ndipo akaelewa yale maneno ya getini.

“Utalipia?”

“Mwaka jana nililipia. Na wa juzi. Kila mwaka tangu kaka anipe.” Akairudisha simu kwenye mfuko wa aproni. “Mwaka huu, fundi, mkono unauma.”

“Na huyo, hajui?”

“Amekuuliza?”

Kimya akaangalia viatu vyake. Hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

“Na nyinyi je?” Msasa akasema, sauti yake imeshuka. “Karakana ikifa mtakula wapi? Wewe, na mzee Randa, na wengine?”

Lilikuwa swali la kweli, na Kimya alilijua uzito wake. Mzee Randa, fundi mkongwe kuliko wote, alikuwa na nyumba iliyojaa wajukuu. Yeye mwenyewe alikuwa na mama aliyemtegemea.

“Haya, nenda,” Msasa akasema. “Ukipata jibu utaniletea.”

*

Anwani ikafa kimyakimya. Hapakuwa na mlio wala moshi. Asubuhi moja tu mtu aliyepindua kiti na kuandika anwani ile kwenye simu yake alikuta ukurasa mtupu, na maneno machache kwamba muda umekwisha. Oda zikakoma. Bwana Kitambaa alidhani ni mtandao, akaipiga simu yake kofi. Kisha watu wa hoteli wakampigia: mbona hampatikani, mmefunga? Fundi wa kompyuta akaitwa, akakaa kwenye stuli katikati ya karakana, mafundi wote wakasogeza masikio.

“Anwani haikulipiwa,” alisema.

“Si tulishainunua?”

“Bosi, hainunuliwi moja kwa moja. Inakodiwa. Isipolipiwa wanakupa siku za rehema. Zikiisha, inatupwa nje, na kuna watu kazi yao ni kukaa wakingoja za kutupwa. Akiidaka mmoja, huioni tena.”

“Basi lipia sasa hivi!”

“Sina uwezo. Akaunti ina barua pepe ya mtu mwingine. Huyo peke yake ndiye anayeweza kulipia, au kuifungua ikahamia kwako na kukupa namba ya siri ya kuihamishia.” Akataja barua pepe yenyewe.

Mzee Randa alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Bwana Kitambaa alijaribu vyote. Alimpigia Msasa akatisha, simu ikakatwa. Akapiga akabembeleza, ikakatwa. Akamtuma wifi mtu, na huyo akaambiwa pole na akapewa kikombe cha chai. Siku za rehema zikawa zinayeyuka. Mwisho akakumbuka kwamba kuna gogo moja ambalo mwanamke yule huzungumza nalo.

“Wewe,” alimwambia Kimya. “Nenda. Muulize anataka nini.”

Kimya akaenda. Msasa alikuwa amelaza shavu juu ya mlango wa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akajipangusa.

“Mwambie sitaki kitu chake. Nitakuja mwenyewe siku ya mwisho, mchana. Nataka asugue kiti kimoja, kwa mikono yake, dirishani pangu. Akimaliza nitapitisha kile kitambaa chake. Kikitoka cheupe, anwani nalipia mimi na kuihamisha kwake, bure, papo hapo. Naapa kwa kaburi la kaka.”

Kimya akaanza, “Lakini tambara...”

“Tambara liko kwenye ndoo, pale pale lilipo siku zote. Sijalificha.” Akamtazama usoni. “Na mimi si mnyama, fundi. Akimuuliza yeyote kati yenu mnafanyaje, mjibuni. Sitasema nimeonewa. Akiuliza tu.”

*

Alikuja amevaa kofia ya kaka yake. Mafundi waliacha kazi, wakakaa juu ya mbao, kwenye meza, mmoja akapanda kabisa juu ya lundo la viti. Msasa akaweka simu yake dirishani, ukurasa wazi, kitufe cha kulipia kinaonekana. Akamwonyesha Bwana Kitambaa maandishi: mwisho wa rehema ni jioni ile, saa yenyewe imeandikwa.

“Kazi ya kitoto hii,” Bwana Kitambaa alisema, akivua koti. Hakupata pa kulitundika. Akalishikilia kidogo, kisha akalilaza juu ya maranda.

Akaanza. Aliushika msasa kama mtu anayeshika samaki, akausukuma huku na huku, akikwenda kinyume na nyuzi za mti. Vumbi likampanda mpaka kwenye nyusi.

“Anapalilia,” mzee Randa akanong'ona.

“Mwache, shamba lake,” mwingine akajibu.

Baada ya muda akasimama, akapuliza kiti kwa nguvu zote. Msasa akanyoosha mkono. Bwana Kitambaa akampa kitambaa, nacho kilikuwa safi bado, mistari ya pasi inaonekana. Msasa akakipitisha mara moja, taratibu, kwa vidole viwili, vilevile alivyozoea kufanya Bwana Kitambaa. Akakiinua juu.

Chekundu.

“Kazi chafu, shemeji,” alisema. Hakupandisha sauti. “Rudia.”

Akarudia. Sasa alisugua kwa hasira, kisha kwa uangalifu, kisha kwa hasira tena. Alipuliza, akapigapiga kiti kwa kiganja, akakifuta kwa mkono wa shati. Msasa akakunja kitambaa upande mwingine, akapitisha. Chekundu. Rudia. Mkono wa shati lake ukawa na rangi ya matofali. Kucha moja ikakatika. Mara ya kwanza mafundi walicheka, mara ya pili wakacheka kidogo, na baada ya hapo hakuna aliyecheka. Kiti chenyewe kilikuwa kimeshakuwa laini hata mtoto mchanga angelalia. Kilichobaki ni vumbi tu, na dawa ya vumbi ilikuwa ndani ya ndoo, karibu na goti lake. Mara moja aliisukuma kwa mguu ili apate nafasi.

Kimya alikuwa amesimama nyuma yake, kwenye jiko la gundi. Ndoo iliposukumwa ilimfikia yeye. Hakujua mkono wake umeingia lini ndani, ila aliona ghafla kwamba amelishika tambara, linamiminika maji. Akalificha nyuma ya mgongo. Maji yakaanza kumteremkia mguuni. Mzee Randa aliliona. Akamkodolea macho, macho ya babu mwenye wajukuu, kisha akayainamisha.

Dirishani jua lilikuwa limekwisha kuiacha meza, linapanda ukutani.

“Shemeji,” Bwana Kitambaa alisema, anahema, “sisi ni ndugu. Ngoja nipumzike kidogo tu.”

“Hapa hatungoji.”

Akainama tena. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliacha kusugua, akageuza shingo, na kwa kuwa aliyekuwa karibu naye ni Kimya, akamtazama Kimya. Uso wote ulikuwa vumbi, jasho limechora mifereji. Hakumwita Gogo. Alimwita kwa sauti ya chini, kavu, ya mtu anayeomba maji:

“Ndugu yangu. Nyinyi huwa mnafanyaje?”

Msasa akainua macho kutoka kwenye simu.

Lilikuwa limeulizwa. Miaka yote ile Kimya aliishi akingoja aulizwe, na jibu lilikuwa mkononi mwake, linadondoka. Angenyoosha mkono tu. Karakana ingepona, mzee Randa angekula, mama yake angekula. Lakini ndani yake kulikuwa na safari ya kutoka dirishani mpaka getini, na kikombe, na mto wa kukalia, na miguu mizito. Kulikuwa na vicheko vya watu wenye suti. Vyote vikampanda kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukosa neno.

“Tunasugua, bosi,” alisema.

Bwana Kitambaa akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akageukia kiti, akasugua. Alisugua kwa unyenyekevu sasa, akifuata nyuzi, hakika kama fundi. Kimya alimwona Msasa anamtazama. Mdomo wake ulifunguka nusu. Alikuwa ameapa kwa kaburi, na neno lile moja angeweza kulisema yeye mwenyewe: tambara. Akalitazama koti lililolala kwenye maranda, akaitazama kofia ya kaka yake kwenye kioo cha dirisha. Akaufunga mdomo.

Kitambaa kilipopitishwa mara ya mwisho hapakuwa na upande uliobaki mweupe wa kuonyesha chochote. Na dirishani, kwenye simu, kile kitufe hakikuwepo tena.

*

Anwani ilidakwa na mtu asiyejulikana, wa mbali. Mpaka leo ukipindua kiti cha karakana ile na kuandika kilichochomwa pale, unaletewa picha za vyandarua na pampu za maji. Bwana Kitambaa aliendelea kidogo, akapunguza mafundi, akafunga. Mzee Randa alikwenda kwa mwanawe, na tangu hapo hakumsalimu Kimya tena, na Kimya hakumlaumu. Siku hizi Kimya anatengeneza viti vibovu barazani kwake. Huletewa na vile vya zamani. Akivipindua, huikuta kazi ya mkono wake, nyeusi, imeingia ndani. Hupitisha kidole, akavirudisha miguu chini.

Msasa alihama mji. Hakuja kuaga. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho yalibaki yale ya jioni ile, alipokuwa anatoka, simu mfukoni, mafundi wakimpisha kila mmoja akitazama kwingine. Kimya alimfuata mpaka getini kama alivyomfuata siku ile, ila safari hii hapakuwa na kitu cha kumbebea. Alitaka kumpa jibu la lile swali lake, watakula wapi. Alitaka kumuuliza kama amekosea. Alisimama mbele yake, mkono mmoja bado uko nyuma, akitafuta pa kuanzia.

Msasa akamtazama usoni, kisha akashusha macho taratibu mpaka kwenye kiatu, mahali palipokuwa pamefanya kidimbwi.

“Kamua hilo tambara, fundi,” alisema. “Suruali yote imelowa.”